Maji ya Upande wa Juu

Mume wa Mama Pasi alihama nyumbani kwa toroli, na wala hakwenda mbali. Alitoka getini, akakunja kushoto, akasukuma kidogo kando ya barabara, akaingia geti la jirani. Kwanza alipeleka vyombo vya kazi: mwiko, pimamaji, kamba, ndoo. Akarudi kuchukua nguo. Mwisho akabeba kiti chake cha kukunja, na redio juu yake. Waliopita walimsalimia kama kawaida, maana alikuwa fundi mwashi na toroli lilikuwa kama kiungo cha mwili wake. Ilipofika zamu ya redio ndipo muuza mkate alipomuuliza, "Vipi Fundi, unamjengea jirani?"

"Nahamia," akajibu, bila hata kusimama.

Mama Pasi aliyasikia hayo akiwa jikoni, dirisha wazi, sufuria mkononi. Alikuwa ameambiwa asubuhi ile ile, kwa maneno machache kuliko yale anayotumia mtu kuagiza mchanga.

Jina la Mama Pasi alilipata kazini. Alikuwa msimamizi wa chumba cha kupigia pasi katika hoteli moja kubwa. Shuka na vitambaa vya meza vilipita mikononi mwake toka asubuhi mpaka alasiri, na hakuna mkunjo uliomponyoka. Mumewe watu walimwita Timazi, kwa sababu kila alipomaliza ukuta alining'iniza timazi, ile kamba yenye risasi ya kupimia wima wa ukuta, mbele ya mwenye nyumba na kusema, "Njoo uone mwenyewe. Unywele haupiti." Na jirani, mwanamke aliyeishi peke yake tangu mama yake afariki, aliitwa Miwani, kwa kuwa alifanya kazi katika duka la miwani pale mtaani, akisugua vioo na kukaza vishikio.

Lililomkata maini Mama Pasi halikuwa Timazi. Timazi alikuwa ameshaanza kuchelewa kurudi, na siku hizi alioga kabla ya kwenda kazini badala ya baada ya kazi. Fundi mwashi anayeoga kabla ya kazi ana lake jambo. Mama Pasi aliyaona hayo yote, akayapeleka kwa nani? Kwa Miwani. Jioni baada ya jioni walikaa kwenye ngazi za jikoni, vikombe vya chai magotini, yeye anatoa ya moyoni na mwenzake anamsikiliza, kichwa amekiinamisha upande.

"Shoga yangu, acha kujitesa," Miwani alimwambia. "Yule ana saruji tu kichwani. Huo muda wa wanawake ataupata wapi?"

Akamshika na bega. Siku redio ilipohama, Mama Pasi aliingia bafuni akalisugua lile bega kwa dodoki mpaka likawaka moto.

Nyumba zile mbili zilikuwa kwenye mteremko, ya Mama Pasi juu na ya Miwani chini, na katikati palikuwa na ukuta wa matofali aliojenga Timazi mwenyewe kuzuia udongo wa juu usiporomoke. Ukisimama kwa Mama Pasi, ukuta ulikufika kiunoni. Ukisimama kwa Miwani, ulikuzidi kimo. Pande zote mbili palikuwa na airisi, yale maua yenye majani kama panga na mizizi minene inayolala juu juu ya udongo kama tangawizi. Wenyewe waliiita hivyo hivyo, tangawizi.

Zipo airisi zinazochanua mara moja kwa mwaka zikaridhika. Zipo nyingine, wao wakiziita za marudio, ambazo zikihudumiwa huchanua tena mwaka ule ule, joto likianza kupungua. Tofauti yao kubwa ni kiu. Za marudio lazima zinyweshwe kipindi chote cha joto, la sivyo hazirudi. Za mara moja, kipindi hicho hicho, zinataka kulala pakavu. Ukizimwagia, tangawizi zake zinalainika, zinanuka, zinakwisha. Ukizichanganya mahali pamoja, ama utaziua hizi ama utazinyima zile.

Wanawake hawa wawili walilijua hilo baada ya kupata hasara, wakakata shauri. Walishinda siku nzima wamepiga magoti, wakazing'oa zote na kuzigawa. Za marudio zikakaa juu kwa Mama Pasi, karibu na bomba la jikoni, mbali na ukuta. Za mara moja zikashuka kwa Miwani, chini ya ukuta, penye jua na ukavu. Kati ya hizo zilikuwamo za marehemu mama yake Miwani, za kahawia zenye manjano ndani, ambazo hawakuwahi kuziona kwa mtu mwingine. Tangu hapo, msimu ukifika, kila mmoja alimchumia mwenzake wakapeana juu ya ukuta.

Timazi alihama joto likiwa ndiyo kwanza linaanza.

Kwa majuma kadhaa Mama Pasi hakufanya lolote. Alikwenda kazini, akarudi, akapika chakula cha mtu mmoja katika sufuria ya watu wawili. Binti yake, aliyeolewa mji mwingine, alimpigia simu kila jioni.

"Mama, funga nyumba uje ukae na sisi."

"Niwaachie wao mtaa?"

"Sasa utakaa hapo unawasikiliza?"

"Nitakaa hapa," alisema Mama Pasi. "Wao ndio watakaonisikiliza mimi."

Binti alidhani ni uchungu unaosema. Kumbe mama yake ameshaona la kufanya. Lilimjia kazini, amesimama mbele ya kitambaa cha meza, anatazama jinsi maji yaliyodondoka pembe moja yanavyotambaa ndani ya uzi, polepole, bila kelele, mpaka yakaifikia pembe ya pili.

Siku yake ya mapumziko aliingia bustanini na sepetu. Akazing'oa za marudio zote, akazitenga zilizosongamana, akafupisha majani, akazipanda upya. Safari hii hakuzirudisha karibu na bomba. Alizipanga kando ya ukuta, kuanzia geti la mbele mpaka nyuma ya banda la kuni, kundi kwa kundi: za zambarau pamoja, nyeupe pamoja, za rangi ya machungwa mabivu pamoja. Mtu yeyote angesema ni kazi ya mpenda maua. Kisha akaunganisha mpira mrefu wa maji, akaulaza sambamba na ukuta, akafungua.

Alijua kwamba mtaa mzima ni mtu mmoja tu anayeweza kuielewa kazi ile kwa kuitazama. Mtu huyo alikuwa amesimama kule chini, kapu la nguo kiunoni, miwani imemshuka puani. Walitazamana. Miwani akageuka, akaendelea kuanika.

Angeweza kuzihamisha za kwake. Lakini azihamishie wapi? Timazi hakuja na kiti na redio peke yake. Baada yake zilifuata lori za mchanga na kokoto, marundo ya matofali, na sakafu ya zege ya kuchanganyia saruji. Mama Pasi aliwahi kupigana naye miaka mingi kuyatoa madude hayo uani kwake, na sasa yalikuwa yamepata mwenyeji mpya. Ua wa Miwani uligeuka karakana. Udongo uliobaki wazi ulikuwa ule ukanda mwembamba wa chini ya ukuta. Mama Pasi alipoliona hilo alicheka peke yake mpaka akashika mbavu.

Kila jioni akitoka kazini alivua viatu, akafungua maji, akaketi ngazini na chai yake. Maji yalitiririka mpaka udongo ukang'aa. Siku moja kichwa cha Timazi kikachomoza juu ya ukuta. Alikuwa amepanda juu ya ndoo.

"Mama watoto. Maji hayo si mengi?"

"Nani kakuuliza?"

"Nasema tu. Udongo unashiba."

"Hizi ni za marudio. Joto hili zisipokunywa hazirudi. Muulize mwenzako, anajua."

Kichwa kikashuka. Mama Pasi alisikia sauti ya Timazi ikiuliza kwa chini, "Anasema nini huyu?" Halafu sauti ya Miwani ikajibu, "Anasema kweli."

Hazikupita siku nyingi majani ya kule chini yakaanza kuwa manjano, yakalala kama yamechoka. Harufu ikapanda, ile harufu ya kiazi kilichosahaulika kabatini. Miwani alionekana amechuchumaa, kisu mkononi, akikata sehemu zilizooza, akinyunyiza majivu, akizipanda tena pale pale maana hapakuwa na pengine. Baada ya siku chache anazing'oa tena. Hakupanda juu kulalamika wala kubembeleza. Hilo ndilo lililomkera Mama Pasi. Alikuwa ameshaandaa maneno ya kumwambia, ameyanyoosha vizuri, hayana mkunjo, na mwenyewe haji kuyasikia.

Sasa, ukuta unaozuia udongo huwekewa matundu karibu na chini ili maji yapate pa kutokea. Timazi hakuweka. Siku alipoujenga mkewe alimuuliza, naye akasema, "Ukuta wenye matundu unaonekana kama una ndui." Alitaka uwe laini, kwa sababu kila mteja alimleta pale kuuona.

Mama Pasi ndiye aliyeuona ufa kwanza. Udongo ulikuwa umeachana na ukuta, na katika pengo lile aliweza kutia vidole. Akasimama na mpira mkononi. Kamba ya nguo ya Miwani ilipita chini pale pale. Akawaza tofali likimwangukia mtu kichwani, akauweka mpira chini. Jioni ile hakumwagilia. Alikaa ngazini bila chai. Kisha kule chini redio ikasema kichekesho fulani, na Miwani akacheka, kile kicheko chake cha kuvuta pumzi ndani ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kikichekwa kwenye ngazi alizokalia. Mama Pasi akainuka, akafungua maji mpaka mwisho.

Juma lililofuata Timazi alileta mteja, mkuu wa shule aliyetaka shule yake izungushiwe ukuta. Mama Pasi alikuwa nyumbani, akasikia kila neno.

"Huu nimeujenga zamani," Timazi alikuwa akisema. "Njoo uone mwenyewe. Unywele haupiti."

"Mbona umefura hapa katikati?"

"Ni kivuli hicho."

Mkuu wa shule akaweka kiganja ukutani, akakitoa, akakitazama. Kilikuwa kimelowa. Akajifuta kwa leso taratibu, akaikunja, akairudisha mfukoni. "Nitakupigia," akasema, akaenda zake.

Timazi hakusubiri hata vumbi la gari litue. Alizunguka barabarani, akaingia geti ambalo hakuwa amelikanyaga tangu ahame.

"Funga hayo maji."

"Namwagilia maua yangu."

"Unauharibu ukuta!"

"Ukuta wako unaogopa maji ya maua?" Mama Pasi hakuinuka ngazini. "Si unasema unywele haupiti? Au kuna kitu ulisahau kukiweka? Sema, nikuelewe. Nimwite na yule mkuu wa shule asikie."

Timazi akatazama mpira, akatazama ukuta. Alijua akilitaja tundu, amejitaja mwenyewe. Akageuka akaondoka.

Ukuta ulianguka siku chache baadaye, mchana, Mama Pasi akiwa anaosha vyombo. Ulikuwa mlio kama wa lori linalomwaga mawe, kisha vumbi, kisha mlio wa udongo ukishuka nyuma yake. Alikimbia nje na mikono yenye povu. Sehemu yote ya katikati haikuwepo. Airisi zake nusu zilikuwa zimeteremka pamoja na udongo, na kule chini, kati ya matofali, aliliona kapu la nguo limepinduka na shuka limetokeza ncha.

"Shoga!" akaita. Alikuwa ameshaanza kushuka kwenye kifusi, anateleza, anashika matofali yanayobomoka. "Shoga! Shoga yangu, uko wapi?"

Mlango wa jikoni ukafunguliwa, Miwani akatoka, mzima, kibanio cha nguo kikiwa bado mdomoni. Alikuwa ameingia ndani kuchukua vibanio vingine.

Wakasimama, mmoja juu ya kifusi, mwingine mlangoni. Mama Pasi akaketi juu ya tofali. Miwani akakitoa kibanio mdomoni.

"Umeniita shoga."

"Ulimi uliteleza."

Miwani akasogea. Alichuchumaa, akaanza kuyaondoa matofali moja moja pale zilipokuwa airisi zake, akafukua kwa vidole. Alichokipata alikinusa, akakitupa. Akafukua tena. Mwisho akapangusa mikono kwenye sketi.

"Za mama zimekwisha."

"Naona."

"Nilijua tangu siku ile ulipozihamishia ukutani."

"Mbona hukuja kusema?"

"Ningeanzia wapi? Ningekwambia usiniharibie maua?" Miwani alivua miwani yake, ikiwa imejaa vumbi, akaifuta, akaivaa. "Siku tuliyogawa nilikupa kipande cha zile za mama. Uliziweka nyuma ya jiko, kwenye kopo."

"Zipo."

"Nikatie hata kidole kimoja."

Yale maneno yote aliyoyaandaa Mama Pasi yalikuwa yamemtoka kichwani, likabaki swali.

"Uliponishika bega na kuniambia ana saruji kichwani, wewe mwenyewe ulikuwa unawaza nini?"

Miwani hakukwepa. "Nilikuwa naogopa. Niliona ukijua hutakuja tena kukaa na mimi."

"Basi uliogopa la kweli," alisema Mama Pasi. Akainuka, akapanda kwake, akafunga mlango. Hakukata kidole wala ukucha. Mwaka ule hakumpa, na hata uliofuata hakumpa.

Habari za ukuta zilifika kila mahali, kwa sababu kifusi kilionekana barabarani na watu walisimama kukitazama. Vijana wa kijiweni walipata wimbo. "Unywele haupiti," mmoja akisema, mwenzake anajibu, "lakini ukuta mzima unapita." Timazi alisema ni maji ya mwanamke. Ndipo Miwani, mbele ya mafundi wenzake Timazi waliokuja kutazama, alipomuuliza kwa upole matundu yako wapi. Mafundi wakainama kuangalia viatu vyao. Timazi alipotaka kuujenga upya, Miwani alimwambia ameshamwita mwingine. Na mchanga wake je, na kokoto? Avitoe.

Toroli likasimama tena kwenye geti la Mama Pasi. Kiti cha kukunja, redio juu yake.

"Mama watoto, tuzungumze."

"Zungumza."

"Ndani."

"Ndani pamejaa."

"Amenifukuza."

"Nimesikia. Nyumba hizi ziko karibu."

"Sasa unataka niende wapi?"

"Ulipokwenda mara ya kwanza hukuniuliza," alisema Mama Pasi. "Barabara ni ya wote. Sukuma."

Akabaki ameshika geti mpaka toroli lilipopita kona. Baadaye ilisikika amepanga chumba upande mwingine wa mji, na anajenga vibanda vya kuku. Binti yao alimpelekea shuka na akamwomba mama yake asimkataze. Mama yake hakumkataza. Alizipiga pasi hizo shuka mwenyewe, maana hakuweza kuona kitu cha kwake kinatoka na mikunjo.

Fundi mpya alijenga ukuta wenye mabomba mafupi yaliyotokeza chini, mengi, safu nzima. Mama Pasi alizirudisha airisi zilizosalia karibu na bomba la jikoni, akazipanga kwa makundi kama zamani. Alizimwagilia kiasi chake, joto lilipopungua zikachanua. Si zote, lakini za zambarau zilikuja nyingi. Alizikata akazipeleka hotelini, wakaziweka mapokezi, na wenzake wakauliza ni maua gani haya yanayochanua wakati huu. Kule chini ukanda ulikuwa mtupu. Alipita ukutani mara kwa mara kuuangalia ukanda ule, na kila alipouangalia alilala vizuri.

Baada ya muda macho yakaanza kumsumbua hata akiwa na miwani yake ya kusomea. Alianza kusoma vibandiko vya nguo akiwa amenyoosha mkono.

"Mama, duka si lipo hapo chini?" binti akamwambia kwenye simu.

"Lipo."

Akapanda basi, akashinda njiani nusu siku, akaenda duka la mji mwingine. Mpimaji alikuwa mzee mpole mwenye vidole vyembamba. Alimsomesha herufi ukutani, akampima, akachagua fremu. Kisha akachukua miwani yake ya zamani, akaikunja na kuikunjua karibu na sikio.

"Hizi vishikio vyake vimetunzwa sana," akasema. "Nani alikuwa anakukazia?"

"Mtu mmoja."

"Ana mkono mzuri. Nikufungie uende nazo? Zinafaa za akiba."

"Tupa," alisema Mama Pasi, akavaa mpya, akatoka nje kutafuta basi la kurudi.